Mega Tatu

Daktari wa presha aliandika mstari mmoja kwenye cheti:
punguza mawazo.
Hakuandika kwa kisu gani.

Mimi ni karani wa mizani, ghala la ushirika, Newala.
Msimu huu nimepima magunia elfu mbili na ushei,
kila gunia lina mtu nyuma yake,
kila mtu ana swali lilelile:
Karani, hela imeingia?
Usiku mimi nalala, mizani hailali.
Mshale unatetemeka hapa, chini ya titi la kushoto.

Mpwa wangu Shadia akacheka. Shangazi,
zipo programu za kutuliza moyo, tena za bure,
unaweka masikioni, unafumba macho, basi.

Basi.
Nikaenda nyuma ya tangi la maji
ambako mtandao hushika bila kubembelezwa,
nikashusha programu nne kwa bando la wiki nzima.

Moja ilikuwa na picha ya jua na sauti ya asali.
Iliniuliza umri, uzito, kama nina mume na kama ananisikiliza,
kisha ikasema: siku saba bure, ingiza namba ya kadi.
Kadi niliyonayo ni ya kupigia kura.
Nimezoea kutoa uzito wa gunia kabla ya kuandika kilo;
hapa gunia lilikuwa zito kuliko korosho.

Nyingine ilitaka majina yote ya simu yangu,
mahali nilipo, na kamera.
Mimi nataka kufumba macho,
wewe wataka kufumbua yako?
Nikaifuta, na kidole nikakifuta kwenye kanga.

Halafu ile iliyosema Kiswahili. Nilifurahi mapema.
“Pumua ndani,” ikasema. Ndani ya nini?
“Pumua nje. Jione umekaa kando ya theluji.
Uache mwili wako uende.”
Uende wapi, mama? Kwetu mwili ukishaenda
watu hutafuta sanda.
Hata hivyo nilijaribu, Mungu ni shahidi,
nilikaa kando ya hiyo theluji nikiwa na sweta,
mabega yakaanza kushuka,
ndipo likapasuka tangazo:
MKOPO NDANI YA DAKIKA TANO!
Ni haohao, kausha damu,
waliobeba kochi la Somoe mchana kweupe
na yeye bado amelikalia.

Ikabaki ndogo, mega tatu tu.
Haina jua, haina asali, haina mtu.
Kengele ya kuanzia, kengele ya kumalizia,
katikati unajaza mwenyewe.

Asubuhi ukungu ulikuwa haujatoka Shimo la Mungu.
Nikakaa juu ya magunia matupu, ghala likinuka juti na panya,
nikaweka dakika tano.

Ngo.

Ikaja ada ya Shadia.
Ikaja ndoo ya maji, bei yake mpya.
Zikaja kilo mia tatu na kumi na mbili za Nanjota,
ambazo naziona hata kwenye sahani ya wali.
Nikataka kuzifukuza, zikakaza miguu.
Mkono wangu, kwa mazoea tu, si kwa hekima yoyote,
ukafanya kazi yake:
pandisha, soma, andika, shusha.
Ada. Shusha.
Maji. Shusha.
Hakuna karani anayeacha gunia juu ya mizani
akaenda nalo nyumbani.
Nanjota, mia tatu na kumi na mbili, sh—

Nanjota mwenyewe yuko mlangoni.
Ameshika kofia.
“Karani, unaumwa?”
“Nasubiri kengele.”
Hakuuliza kengele gani. Akavuta gunia, akakaa,
tukasikia bati likinyooka taratibu juani.

Ngo.

“Hela imeingia?”
“Bado.”
Akaitazama simu pale gotini kwangu,
akakuna ndevu.
“Basi hebu irudie hiyo.”